Hodi ya Fundi



Katika Kwaresima iliyopita tuliulizwa kanisani swali moja ambalo halijatutoka: ni nani akujuaye ulivyo siku ile ambayo hukutazamia mgeni? Bila shaka wengi walijibu moyoni kwamba ni Mungu, na jibu hilo ni sahihi; mwalimu yeyote angelitia alama ya vema. Lakini sisi tulipokuwa tukipanda ngazi kurudi nyumbani tulimkuta fundi wa jengo amelala chali chini ya sinki la jirani, mlango u wazi, miguu yake imetokeza mpaka ukumbini, tukakumbuka kwamba yuko na mwingine atujuaye.

Sisi tunakaa ghorofa ya tatu katika jengo la kupanga hapa Dar es Salaam, jamaa kumi na sita chini ya paa moja. Waliozoea nyumba ya chini yenye ua wake hawaijui shida ya ghorofa, basi tueleze kidogo. Maji ya bomba la mjini mara nyingi hayana nguvu ya kupanda hadi kwetu. Hukusanywa kwanza katika tangi lililochimbiwa chini, pampu ikayasukuma mpaka matangi ya juu ya paa, nayo yakashuka kwa uzito wake yenyewe katika kila jiko na kila choo. Maji machafu nayo hushuka kwa bomba moja nene linalopita katika nyumba zote nne zilizopangana juu kwa chini, mpaka kwenye chemba iliyoko uani. Ndiyo kusema kwamba mama wa ghorofa ya nne akimwaga mafuta ya kukaangia katika sinki lake, atakayepata taabu ni mzee wa ghorofa ya kwanza ambaye siku hiyo hakuonja hata chapati. Tumeunganishwa kwa mabomba kuliko tulivyounganishwa kwa salamu.

Na ni mtu mmoja tu anayeingia katika nyumba zote hizo kumi na sita. Mwenye jengo haingii. Msimamizi huishia mlangoni na daftari lake la kodi. Padre huingia sebuleni, tena baada ya sisi kufagia na kutandika vitambaa vya viti. Fundi huingia jikoni na chooni, saa ambayo kitu kimeharibika na sisi tumeharibika pamoja nacho. Huitwa kwa koki inayodondosha usiku kucha, kwa kitasa kilichogoma mtoto akiwa ndani, kwa swichi kubwa inayojizima kila pasi inapochomekwa. Mpangaji mmoja humwita kwa mluzi dirishani. Mwingine humwambia aje sasa hivi, na akija humwacha amesimama koridoni nusu saa. Wako wanaomtaka anunue washa ya koki kwa fedha yake mwenyewe, halafu wakamwambia asubiri mwisho wa mwezi, nao ni watu ambao Jumapili wanatoa sadaka ya noti. Tuseme haki, wapo pia wanaompa chai na kitumbua. Lakini karibu sote tulimwita “fundi” tu. Ilitupita miaka sita kabla ya kulijua jina alilopewa na wazazi wake, na sisi ndio tuliojisifu kwamba hatusahau jina la mwanafunzi hata mmoja.

Fundi huyu ni Mwislamu, mwenyeji wa pwani. Akifika mlangoni hupiga hodi. Asipojibiwa hungoja, hupiga ya pili, hungoja tena, hupiga ya tatu. Asiposikia neno hushuka ngazi akaenda zake, hata kama ufunguo wa nyumba hiyo anao katika fungu lake kiunoni. Tulimwuliza kwa nini asifungue tu, maana kaitwa. Akajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa chuoni utotoni: hodi ni tatu, ya nne si hodi tena. Chuo chake, ndugu wasomaji, ni kile cha Kurani. Chuo chetu ni kile cha ualimu, ambacho kilitufunza maandalio ya somo na saikolojia ya mtoto, lakini hodi hakikutufunza. Baadaye tulifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, tukaona kwamba Musa naye aliwakataza Waisraeli kuingia katika nyumba ya mtu kuchukua rehani yake. Hata mdai mwenye haki yake aliamriwa asimame nje angoje mwenye nyumba amtolee. Tumelisoma fungu hilo mara nyingi tangu ujana wetu, na hatukulifikiria mpaka tulipoonyeshwa na mtu mwenye spana mkononi.

Jambo la pili alilotufundisha ni habari ya doa la maji. Mwaka 2018 palitokea ugomvi mkubwa kati ya jirani wa ghorofa ya pili na huyu wa juu yake. Dari ya chumba cha kulala cha yule wa chini ilikuwa na doa la rangi ya chai, nalo likikua kila siku. Maneno yalitupwa katika ngazi, watoto wa nyumba mbili wakakatazwa kucheza pamoja. Kila mmoja wetu alijua mkosaji ni nani, maana doa lilikuwa chini ya bafu lake. Fundi alikuja, akapanda meza, akachora kwa penseli ukingo wa doa, akaandika saa pembeni, akaondoka. Kesho yake akafunga valvu moja, akachora tena. Siku ya tatu akafunga nyingine. Siku ya nne doa lilipoacha kuvuka mstari wa penseli akasema maji hayatoki kwa jirani wa juu hata kidogo. Yanatoka katika nyumba ya upande wa pili wa ngazi, kwenye bomba lililopasuka ndani ya sakafu. Akatueleza kwamba maji yakiingia katika zege hayadondoki pale pale. Hufuata bomba, hufuata ufa, hufuata mteremko mdogo ambao jicho haliuoni, yakaja kujitokeza hatua nyingi mbali na yalikoanzia. “Doa linaonyesha maji yalipofikia, Mwalimu,” alituambia. “Yalikotoka ni habari nyingine.”

Tulilisifu neno hilo na kulirudia mbele za watu. Basi sikilizeni tulivyolitumia.

Tulipostaafu mwaka 2019 wanachuo walituaga kwa zawadi ya saa ya mkononi. Haikuwa ya dhahabu, lakini tuliithamini kuliko vitu vingi. Mwaka uliofuata, siku chache baada ya fundi kutubadilishia bomba la choo, tuliitafuta saa ile tusiione. Tulipekua makabati, tulipekua chini ya magodoro. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, kama watu wanaotoa taarifa tu, tulimwambia msimamizi kwamba saa imepotea na kwamba aliyeingia ndani juma lile ni fundi peke yake. Hatukusema kwamba ameiba. Tuligusia tu, tukaacha maneno yetu yafuate mteremko wake. Jioni ile mfuko wa fundi ulimwagwa katika ngazi mbele ya watoto: spana, tepu ya bomba, msumeno wa chuma, kipande cha sabuni, andazi ndani ya karatasi. Hapakuwa na saa. Alisimamishwa kazi majuma mawili bila malipo, na kijana mwingine akaletwa ambaye hakupiga hodi.

Baada ya mwezi na siku kadhaa tulifungua kopo la njugu tulilolisahau juu ya kabati la jiko, na saa ikawa humo ndani. Tuliiweka wenyewe kabla ya kusafiri kwenda mazishini, kwa kuogopa wezi.

Hapo yupo atakayesema kwamba kosa limeonekana, basi likatengenezwa. Ndugu, halikutengenezwa. Tulimpigia msimamizi simu tukasema, “Ile saa imepatikana,” kana kwamba ilikuwa imetoka matembezini. Kwa fundi hatukwenda. Tulijiambia kwamba amekwisha rudi kazini na kwamba kumkumbusha ni kumwumiza upya. Tulijiambia pia kwamba yeye mwenyewe hakuonyesha kinyongo, maana tulipokutana naye alitupa shikamoo kama zamani, nasi tukaitikia marahaba. Aibu ina ufundi mwingi wa kujipatia sababu njema. Katika miaka yetu chuoni tuliwaeleza vijana wengi maana ya Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, na kwamba kazi ya mikono haina unyonge wowote. Tuliyafundisha hayo kwa bidii, chaki mkononi. Lakini saa ilipopotea hatukumfikiria mpwa wetu aliyelala kwetu juma lile lile, wala shemeji aliyepita kusalimu. Mawazo yetu yalikwenda moja kwa moja kwa mwenye ovaroli.

Kitu kimoja tulikiona bila kukielewa. Tangu siku zile fundi hakukubali kufanya kazi kwetu peke yake. “Mwalimu, naomba mtu asimame hapa,” alisema kila mara, na kama tulikuwa na shughuli alingoja mpaka tuimalize. Tulidhani ni adabu imeongezeka.

Sasa tufikie swali lenyewe. Mtu anayeingia katika nyumba zetu kwa ajili ya kazi anaona mambo yetu. Je, anawiwa nasi kunyamaza? Na kama ndivyo, kunyamaza huko kuna mwisho?

Watu wa kale walilifikiria jambo hili. Kiapo cha waganga wa Kiyunani kinachoitwa kwa jina la Hippocrates kilimtaka mganga aingie katika nyumba za watu kwa faida ya wagonjwa tu, na yale atakayoyaona humo, yasiyopasa kusemwa nje, ayaweke kuwa siri. Padre anafungwa na siri ya maungamo. Fundi hakuapishwa na mtu, wala katika mshahara wake hakuna fungu la kulipia ukimya. Hata hivyo katika miaka yote hatukumsikia akitoa neno la nyumba moja katika nyumba nyingine. Anajua ni nani anayelala kwenye mkeka ilhali sebuleni kwake kuna viti vya fahari. Anajua mlango ambao risiti za deni zimebandikwa nyuma yake. Anajua chupa zinazokaa chini ya sinki la mzee mmoja wa heshima, na huyo mzee hana haja ya kujitafuta katika ukurasa huu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nayo kata haisemi. Tunaona kwamba katika mambo ya namna hii fundi yu katika njia ya Shemu na Yafethi, wale waliokwenda kinyumenyume na vazi mabegani ili wamfunike baba yao pasipo kumwona. Udhaifu wa mtu ni wake, na aliyeuona kwa sababu ya kazi hakupewa ruhusa ya kuutembeza.

Lakini aendaye kinyumenyume haoni uchi wala haoni jeraha.

Mwaka 2022, jioni moja, fundi alikuja kwetu kubadili koki ya jikoni. Alimaliza, akafuta maji sakafuni kwa kitambaa chake, akakusanya vyombo. Kisha hakuondoka. Alisimama akiangalia spana yake kama mtu anayetafuta kasoro ndani yake.

“Mwalimu, nikikuuliza jambo la mtu mwingine, nitakuwa nimekosa?”

“Uliza, fundi.”

“Katika nyumba moja humu ndani kuna mtoto wa kazi. Kama miaka kumi na miwili. Ana alama ya pasi hapa.” Akaonyesha mkono wake juu ya kiwiko. “Mara ya kwanza nilisema ni ajali. Juzi nimeona ya pili.”

Tulimwuliza mara ya kwanza ilikuwa lini. Akasema majuma matatu yamepita. Tukashtuka, na kwa ukali wa kiualimu tukamwuliza kwa nini alikaa kimya majuma matatu na mtoto anaungua.

Hakujibu upesi. Halafu alisema maneno ambayo tumeyahifadhi kama tulivyoyasikia: “Mimi nilimwagiwa mfuko wangu hapa ngazini, Mwalimu, na hata kitu sikukiona. Nikisema nimekiona kitu ndani ya nyumba ya mtu, wataniuliza nilikuwa natazama nini. Nani atanisadiki?”

Alisema bila chuki. Huenda ingekuwa rahisi kwetu kama angesema kwa chuki.

Hapo ndipo tulipoona mteremko wote. Mtu huyu hakukosa dhamiri. Alijua vizuri kuliko sisi tofauti ya siri na uchungu. Chupa ya mzee ni siri ya mzee. Mkono wa mtoto si siri ya bibi mwenye pasi. Mwenye mali hiyo ni mtoto, naye hana kinywa mbele ya watu wazima. Kwa hiyo tunasema kwamba ukimya wa fundi unaishia pale ambapo aliye dhaifu anaumizwa, na nchi yetu nayo inasema hivyo hivyo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuipeleka taarifa hiyo kwa serikali ya mitaa ya mahali pale. Ipo pia namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, ambayo hupigwa bure, na ingefaa iandikwe katika ukuta wa kila ngazi ya ghorofa, badala ya yale matangazo ya waganga. Sheria hiyo hiyo imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, kwa hiyo hata pasingekuwa na pasi palikuwa na la kujibu.

Yote hayo ni sawa. Lakini tukimwambia fundi “una wajibu wa kusema” nasi tumekwisha mwondolea uwezo wa kusadikiwa, tumemtwika mzigo na kumkata mikono. Amri ya tisa inakataza ushahidi wa uongo juu ya jirani. Tulizoea kufikiri kwamba dhara lake humwangukia yule mshtakiwa. Hatukufikiri kwamba mshahara wa majuma mawili ulikuwa sehemu ndogo. Kwamba neno letu la upole lingemfunga mtu macho kwa miaka miwili, na kwamba atakayelipa ni mtoto asiyetujua, katika ghorofa nyingine, mbali na kopo letu la njugu.

Usiku ule tulimwomba radhi. Tulifanya vibaya, kwa maneno mengi mno, na yeye alikuwa na haraka ya habari ya mtoto. Asubuhi tulikwenda wote wawili kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tulitangulia sisi kusema kwamba tumekuja kushuhudia kuwa mtu huyu ni mkweli. Fundi akaeleza alichokiona, si zaidi. Afisa wa ustawi wa jamii alikuja siku iliyofuata pamoja na askari wa kike kutoka Dawati la Jinsia na Watoto, mtoto akapelekwa hospitali, na baadaye shangazi yake akaja kumchukua kutoka mkoani. Alama za pasi zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa mgongoni, ambako fundi hakuweza kuiona.

Mkidhani jengo lilimshukuru, mnatujua vibaya. Wapangaji kadhaa walikwenda kwa msimamizi wakisema hawataki fundi mwenye macho. Mmoja wao tunashika naye kikombe kimoja madhabahuni. “Leo mtoto, kesho mambo yetu,” alituambia. Tulimjibu kwamba kama mambo yake ni ya namna ya chupa, fundi amekwisha yaona siku nyingi na mtaa mzima haujui. Hakupenda jibu hilo. Mkataba wa fundi haukufanywa upya mwaka ule ulipokwisha. Siku hizi anafanya kazi zake mwenyewe, anaitwa huku na huko, na sisi tukiwa na shida ya bomba tunampigia simu.

Mwezi uliopita alikuja kwa ajili ya kuelea kwa tangi la choo, kile kiboya kilikuwa hakipandi. Kama kawaida akasema, “Mwalimu, naomba mtu asimame.” Tukamwambia safari hii hakuna wa kusimama, sisi tunashuka dukani kununua sukari, na afanye kazi yake kwa raha. Aliangalia mlango, akatuangalia, akasema haya. Tulikaa dukani kwa makusudi kuliko ilivyohitajiwa na kilo moja ya sukari.

Tuliporudi choo kilikuwa kimetengenezwa na sakafu imefutwa. Yeye alikuwa koridoni, mlango ameufunga, amesimama kando ya ukuta. Mfuko wake ulikuwa chini miguuni, umefunguliwa wazi, na vyombo vimepangwa kimoja kimoja ili anayepanda ngazi avione.